Kabla hujasema umeuziwa feki, angalia waya

Leo nina deni la kulipa, na nitalilipa mbele yenu kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele ya watu.

Mimi nauza vitenge na magauni ya kushona, wateja wangu karibu wote wako Instagram na WhatsApp. Mnaijua kazi yetu: kila mzigo ukiingia unapiga picha, unarekodi video, unakata vipande, unapandisha. Miezi sita tu laptopu imejaa mpaka pomoni. Wiki ya mwisho kabla ya Idi nikaamua ninunue diski ya nje nihamishie video za zamani. Nikaagiza kwa dada mmoja anayeuza vifaa vya kompyuta mtandaoni, mtu mdogo kama sisi, hana duka, anatuma kwa bodaboda. Kwenye tangazo ameandika "USB 3.0, kasi kubwa". Nikalipa, nikaletewa jioni ileile.

Nikachomeka. Video zangu zilikuwa kama gigabaiti 180. Kompyuta ikaniambia itachukua saa 1 na dakika 40. Nikaangalia ile namba ya kasi: megabaiti 30 kwa sekunde, ikipanda sana 33. Nikasema sawa, nitasubiri. Dakika ya hamsini umeme ukakatika, na betri ya laptopu yangu ni ya kuhesabu pumzi. Ikazima. Umeme uliporudi nikaanza upya, ukakatika tena. Usiku huo sikupandisha hata video moja ya mzigo wa Idi, na asubuhi wenzangu walikuwa wameshauza.

Hasira zote nikazipeleka kwa yule dada. Siyo inboksi, hapana. Nikaenda kwenye tangazo lake, chini ya picha ya diski, nikaandika kwamba watu waache kununua hapa, tunauziwa vitu feki, USB 3.0 gani hii inatembea kama konokono. Yeye akanijibu kwa adabu kabisa: "Pole dada yangu, umechomeka kwa waya gani? Ule uliokuja na diski?" Mimi nikaona ananizungusha. Waya ni waya! Nikamjibu vibaya zaidi. Watu wawili watatu waliokuwa wanauliza bei pale wakanyamaza.

Siku nne baadaye fundi wangu wa kompyuta alikuja kwa shughuli nyingine, akaiona diski mezani, akacheka. "Dada, huu waya ni wa simu."

Ni kweli ulikuwa wa simu. Ule uliokuja na diski ulikuwa mfupi, haufiki pale ninapoweka laptopu, kwa hiyo nilichukua waya mrefu wa simu ya zamani, ile yenye kichwa kidogo kabla Type-C haijaenea. Diski nyingi za nje zina tundu pana lililogawanyika sehemu mbili, moja kubwa na nyingine ndogo. Kichwa cha waya wa simu kinaingia bila shida kwenye ile sehemu kubwa, taa inawaka, diski inaonekana, faili zinafunguka. Kila kitu kinafanya kazi, ila ile sehemu ndogo ya pili ndiyo inayobeba njia za kasi, na wewe umeiacha wazi. Diski haikuambii kitu. Inashuka tu hadi USB 2.0 na kuendelea na kazi polepole. Fundi aliporudisha waya wake halisi, namba ikapanda mpaka megabaiti 110 kwa sekunde, na gigabaiti 180 zikahama kwa chini ya nusu saa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kusema jambo langu. Sehemu kubwa ya malalamiko ya "kifaa kiko slo" ambayo nimeyaona kwenye magrupu yetu ya wauzaji tangu siku ile hayahusu kifaa. Yanahusu waya, au tundu ulilochomekea. Na lawama ya kosa hili tunagawana: mnunuzi anayerukia neno feki kabla ya kubadilisha waya, na muuzaji anayeandika wati kwa herufi kubwa na kasi ya data haitaji kabisa.

Nianze na mnunuzi, kwa sababu ndiye mimi.

Kanuni ya USB ni moja na haina huruma: mnyororo mzima unatembea kwa kasi ya kipande chake cha polepole zaidi. Kifaa, waya, tundu la kompyuta, na kile kigawio cha matundu kama unacho, vyote vinne lazima vikubaliane. Kimoja kikiwa cha zamani, vyote vinashuka. Na USB ilitengenezwa makusudi ikubali kushuka badala ya kugoma, ndiyo maana kifaa cha leo bado kinafanya kazi kwenye kompyuta ya mwaka 2005. Ni jambo zuri. Ubaya wake ni kwamba tatizo linajificha.

Zipo ngazi, na ukizijua huhitaji fundi. USB ya kwanza kabisa, ya miaka ya 1990, mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000, ni megabiti 480. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008, ni gigabiti 5, yaani zaidi ya mara kumi ya ile iliyotangulia. Baadaye zikaja za gigabiti 10, 20, na USB4 ya mwaka 2019 inayofika gigabiti 40. Angalia sana neno biti na baiti, watu wengi wanachanganya. Kompyuta inapokopi faili inakuonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo zile megabiti 480 ni megabaiti 60 kwenye karatasi, na kwa vitendo unapata kama 30 hadi 40.

Hapo ndipo siri ilipo. Chukua video moja kubwa, ya gigabaiti mbili tatu, ikopi kwenda kwenye diski, uangalie namba. Ukiona inaganda kati ya 30 na 40 na haivuki hapo hata ufanyeje, uko kwenye USB 2.0, haijalishi kwenye boksi wameandika nini. Ukiona megabaiti moja hivi kwa sekunde, umeanguka mpaka kwenye ile ya miaka ya 1990, na hapo mara nyingi waya umekatika ndani au tundu limechoka. Kwa kasi hiyo gigabaiti 64 zinakula karibu saa 18. Diski ya kuzunguka ikikupa 100 na kitu, ipo sawa, hiyo ndiyo nguvu yake, usiitafutie ugomvi.

Nasema video moja kubwa kwa sababu maalumu. Ukikopi folda lenye picha elfu tatu ndogondogo, hata diski nzuri itaonekana mbovu, kwani kompyuta inapoteza muda kufungua na kufunga kila faili. Usipime kwa folda la picha halafu uende kumtukana mtu.

Flashi nazo zina lao. Utaona mwanzo inakimbia, halafu baada ya muda inaanguka hadi 10 au 15 na kubaki huko. Hiyo siyo habari ya waya. Kompyuta ilikuwa inaweka mzigo kwenye kumbukumbu yake kwanza, na sasa umeona kasi halisi ya flashi yenyewe kuandika. Flashi ya bei ndogo inaweza kuwa USB 3.0 ya kweli kabisa na bado ikaandika polepole, kwa sababu ile 3.0 ni upana wa barabara tu, gari lenyewe ni bajaji.

Haya, umeshajua uko kwenye 2.0. Unafanya nini kabla ya kuandika neno feki?

Badilisha waya. Rudi kwenye ule uliokuja na kifaa. Kama umepotea, ujue kwamba waya wa kuchajia simu kwa kawaida ni wa USB 2.0, na mwingine hauna njia ya data kabisa, unapitisha umeme tu. Ule wa umeme tu ndio unaokufanya uchomeke simu kwenye kompyuta, simu ichaji, na kompyuta isione kitu, halafu unadhani simu imekufa.

Badilisha tundu. Kwenye kompyuta nyingi tundu la USB 3.0 lina plastiki ya buluu ndani, au herufi SS pembeni. Rangi si sheria, kampuni nyingine hutumia nyeusi au nyekundu, kwa hiyo chungulia: kichwa cha zamani kina vipande vinne vya shaba, cha 3.0 kina hivyo vinne pamoja na vingine vitano nyuma yake. Hata waya unaweza kuukagua hivyohivyo kabla hujaulipia. Kama una kompyuta ya mezani, yale matundu ya mbele yanategemea waya wa ndani ambao fundi aliyeunganisha huenda aliuacha, au yeye mwenyewe ameunganisha kwenye sehemu ya 2.0. Jaribu ya nyuma.

Toa kigawio. Kile cha matundu manne cha bei rahisi, mara nyingi ni 2.0, na hata kikiwa 3.0 vifaa vyote vilivyochomekwa pale vinagawana barabara moja. Mashine ya risiti, kipanya, kibodi, kisoma baakodi, hivi havihitaji kasi hata kidogo. Viweke huko, au kwenye matundu meusi, tundu la buluu uliachie diski. Kwa njia, kama unatumia kipanya kisicho na waya na kinaanza kurukaruka kila unapochomeka diski, hujarogwa. Vifaa vya USB 3.0 vinatoa kelele ya mawimbi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na kipanya na Wi-Fi. Sogeza kile kidubwasha cha kipanya upande wa pili wa laptopu.

Chomeka kwa uhakika. Hili nilipoambiwa nilicheka, lakini ni kweli. Kile kichwa kipana cha buluu ukikisukuma polepolepole, vile vipande vinne vya zamani vinagusa kwanza, na kompyuta inaweza kuamua kwamba hiki ni kifaa cha 2.0 na kuishia hapo. Kichomoe kwa utaratibu kupitia kompyuta, kisha kichomeke tena kwa mkono mmoja wa haraka mpaka mwisho. Kwa Type-C, jaribu kukigeuza. Kinaingia pande zote mbili, lakini kila upande unatumia njia zake za kasi, na vumbi la mfukoni likijaa upande mmoja, upande huo unashuka. Ukigeuza ikapanda, tatizo umelipata: safisha tundu la simu kwa kijiti kikavu cha mbao, simu ikiwa imezimwa. Usitumie pini ya chuma, tafadhali.

Mwisho kabisa jaribu kompyuta nyingine, ya jirani au ya shemeji. Kama huko pia, kwa waya sahihi na tundu sahihi, bado inaganda kwenye 35, hapo sasa una haki ya kumwandikia muuzaji. Na uanzie inboksi.

Sasa nije kwa wauzaji wa nyaya, chaji, diski na simu, na mpo wengi humu. Nawasema kwa upendo, ila nawasema.

Tangazo la waya wa Type-C siku hizi utakuta: "WATI 100, FAST, ORIGINAL". Mteja anasoma fast, anadhani kila kitu kitakuwa fast. Kuchaji kwa kasi na kuhamisha data kwa kasi ni vitu viwili ambavyo havina undugu. Waya wa Type-C unaweza kubeba umeme mwingi sana na data ukawa ni ileile 480 ya mwaka 2000. Tena siyo nyaya za mitaani tu. Apple wenyewe wanauza waya wa kuchajia wa wati 240, na data yake ni USB 2.0. Hawajadanganya, wameuita waya wa kuchajia na wameandika. Sisi ndio hatuandiki.

Mfano mwingine unaotugusa wauzaji wa mtandaoni, kwa sababu wengi tunarekodi kwa simu hizi. iPhone 15 ilipotoka Septemba 2023 na tundu la Type-C, watu walifurahi kwamba sasa video zitahama haraka. iPhone 15 ya kawaida na 15 Plus, kupitia waya, zinakwenda kwa USB 2.0, megabiti 480, kama zile za tundu la zamani. 15 Pro na Pro Max zinafika gigabiti 10, lakini waya uliomo kwenye boksi lake ni wa USB 2.0, kwa hiyo mwenye Pro asiponunua waya mwingine hataiona hiyo gigabiti 10 mpaka aiuze. Sasa fikiria muuzaji anayemuuzia mwenye iPhone 15 ya kawaida waya wa bei kubwa "ili video zihame haraka". Huyo mteja hatapata hata sekunde moja ya faida. Akirudi kulalamika, utasema ni mgomvi?

Kuna mwenzetu nilimweleza haya akaniambia, "Nikiandika USB 2.0 wateja watakimbia." Sikubaliani naye. Mteja wa kuchajia simu usiku hana habari na data, yeye anataka waya usiokatika shingoni baada ya wiki mbili. Huyo hatakimbia. Atakayekimbia ni yule anayehamisha video za harusi, na huyo ni bora akimbie kabla hajalipa kuliko arudi na hasira, ulipe bodaboda mbili, umrudishie hela, na akuachie maneno chini ya tangazo. Maneno hayo mimi nayajua, niliyaandika.

Majina yenyewe ya USB nayo yamewachanganya hata mafundi. USB 3.0 ilibadilishwa jina ikawa 3.1 Gen 1, halafu ikabadilishwa tena ikawa 3.2 Gen 1. Zote tatu ni kitu kimoja, gigabiti 5. Mteja akiona 3.2 anadhani ni mpya kuliko 3.0, na muuzaji mjanja anapandisha bei hapo. Tangu 2022 wale wenyewe wanaosimamia USB duniani wamesema watu waandike kasi tu: gigabiti 5, 10, 20, 40. Fuata hilo. Tangazo likae hivi: "Waya Type-C kwa Type-C, mita 1, wati 60, data megabiti 480. Mzuri kwa kuchaji, haufai kuhamishia video nzito." Na lingine: "Diski ya nje terabaiti 1, gigabiti 5. Tumia waya uliokuja nayo, wa simu utaipunguza kasi." Mstari mmoja tu. Ungekuwepo kwenye tangazo la yule dada, nisingemchafulia jina. Au labda ningemchafulia, maana nilikuwa na hasira, lakini angekuwa na cha kunionyesha.

Kama hujui waya ulioagiza ni wa kasi gani, na msambazaji naye hajui, usikisie. Fungua mmoja, uchomeke diski nzuri ya kasi, kopi video moja, angalia namba, andika ulichokiona. Dakika tano. Unazo, kwani muda wa kupiga picha kumi na mbili za waya huohuo ulikuwa nao.

Baada ya fundi kuondoka siku ile nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kufuta maneno ni rahisi, unabonyeza yanapotea. Lakini waliosoma wameshasoma. Kwa hiyo sikufuta kwanza. Niliandika palepale chini ya maneno yangu kwamba diski ni nzima, nilitumia waya wa simu, namba ni 110, na nimekosea kumwita dada wa watu muuza feki. Nikaliacha kwa wiki moja, ndipo nikafuta lile la mwanzo. Inboksi nikamwomba radhi.

Akanijibu usiku, wala hakunisema. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Dada, nikutumie waya mrefu wa mita moja na nusu wa gigabiti 5? Ule mfupi najua unasumbua." Nikanunua. Ndio ninaoutumia sasa hivi, nimeufunga kipande cha kitenge chekundu shingoni ili mtu wa nyumbani asije akauchukua kuchajia simu.